Ndugu wa Miaka Elfu Mbili

Shemeji yangu alikuwa dobi, na jina lake silitaji. Sababu utaiona mbele ya safari. Kwa sasa mwite kama mtaa mzima ulivyomwita, Mama Pasi.

Aliolewa na kaka yangu, akamzika kaka yangu, na baada ya msiba akabaki chumba cha mbele, mimi cha nyuma, katikati yetu ua mwembamba wenye kamba za nguo. Watu walisema, maana watu hawakosi la kusema, lakini sisi tulikuwa tumezeeka kupita maneno yao. Chumba chake kilifunguka barabarani. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, juu yake blanketi, juu ya blanketi shuka jeupe lenye alama za kuungua hapa na pale, kila alama na umbo la pasi, kama nyayo za mtu mwenye mguu mmoja. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Ya umeme alipewa na mteja mmoja aliyehama. Akaiweka juu ya kabati, akaitandikia kitambaa, na hapo ikakaa mpaka mwisho. Alisema haina uzito wa kulishawishi shati.

Siku hizi nguo hazijui pasi. Zinatoka dukani zimekunjamana na zinavaliwa hivyo hivyo hata harusini, na mtu akikuona ukosi umenyooka anakuuliza kama una kesi mahakamani. Lakini hayo ni machungu yangu, tuyaache.

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, zamani hizo herufi zikiwa za madini ya risasi na kitabu kikiwa na uzito hata kabla hakijachapwa. Shule niliiacha nikiwa bado nafuta kamasi kwa mkono wa shati. Ninayoyajua niliyasoma kinyumenyume, herufi kwa herufi, katika vitabu vya watu wengine. Shemeji aliniita Risasi, na alipotaka kunichokoza aliwaambia wateja kwamba mimi hata mfuko wa sukari siutupi mpaka niusome wote. Nami nilimjibu kwamba yeye angempiga pasi hata maiti, mradi alale vizuri. Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akienda, akienda, halafu anasimama kama mtu aliyesikia akiitwa.

Lugha yake ya nyumbani haikuwa hii yetu. Watu wake walikuwa wa mlimani, wakateremka mjini zamani, wakabaki wachache, na mwisho mtaani kwetu walibaki watatu tu: yeye na binamu zake wawili, vikongwe kama yeye, waliokuja alasiri kukaa kwenye benchi lake na kunusa harufu ya mvuke. Walipozungumza lugha yao nilikuwa nikisikiliza kwa mbali bila kuelewa hata neno. Ilitiririka vizuri, kisha mahali fulani ikaruka, kama watu wanaoteremka ngazi wakijua kipandio gani kimevunjika.

Juu ya kabati, kando ya ile pasi ya umeme, palikuwa na shati la shule la mvulana. Lilikuwa la mwanawe wa pekee. Alikufa kwa homa sauti ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukwaruza, na shemeji alimwomba kaka yangu wakamzike mlimani, kwenye makaburi ya ukoo, kando ya bibi yake aliyekwisha tangulia. Kaka alikubali. Shemeji alipanda mlimani siku hiyo, akashuka, na hakupanda tena. Miaka ikaenda. Shati likipata vumbi alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Jina la mtoto sikulisikia tena kinywani mwake. Kwao marehemu hatajwi, wala hasemwi amekufa. Husemwa ametoka. Ukimtaja atasikia, akisikia atakuja, na akija ni lazima umpokee. Sasa utampokea na nini?

Jambo moja tu alilitaka duniani, na alilisema waziwazi, kama anayeagiza sabuni. "Risasi, mimi mtanipeleka juu. Kando ya mama, na kando ya huyo." Huyo ndiye mtoto. Nikamwambia mimi ndiye nitakayetangulia. Akasema nisijipendekeze.

Basi akaja mtafiti.

Alikuwa binti wa chuo, viatu vina vumbi, adabu anayo, akaamkia kabla ya kuuliza lolote. Hilo lilinishangaza, maana vijana wa siku hizi wanaanza na swali. Alikuwa akilinganisha lugha mbili, ile ya mlimani na hii ya walioteremka mjini. Alijua ni ndugu. Alitaka kujua zimeachana lini. Niliposikia hivyo nilivuta kigoda. Shemeji alikuwa na rundo la suruali za askari wa zimamoto, akasema atajibu huku akifanya kazi.

Mtafiti alinieleza hesabu yake kwa subira. Wataalamu wanachukua maneno kama mia hivi, ya vitu ambavyo binadamu yeyote anavyo popote alipo: maji, jicho, jiwe, moto, njia, moshi, kuona, kulala. Maneno ya namna hiyo hayaazimwi ovyo wala hayatupwi ovyo. Lakini hata hayo huchakaa. Waliotunga hesabu hiyo walikadiria kwamba lugha hupoteza kumi na manne hivi katika kila mia kwa miaka elfu moja. Kwa hiyo ukizipanga lugha mbili za mama mmoja bega kwa bega, ukahesabu maneno yanayofanana bado, unaweza kurudi nyuma mpaka siku zilipoagana. Akaongeza kwa uaminifu kwamba wapo wasomi wanaoikataa hesabu hii, wengine wanaicheka kabisa, kwa sababu nani kasema lugha zote zinatembea mwendo mmoja.

Mimi niliipenda. Herufi za risasi nazo huchakaa. Mpanga herufi mzoefu akiipapasa irabu kwa kidole anajua imekula kurasa nyingi au chache. Nikamwambia hivyo, akatabasamu, na shemeji akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sasa huyu mtoto wa watu ameharibikiwa, Risasi kapata wa kumsikiliza.

Kisha wakaanza. Mtafiti anataja neno kwa lugha yetu, shemeji anasema la kwao, simu inanasa sauti. Binamu zake wawili wako benchini, wanatikisa kichwa kukubali. Alijibu bila kigugumizi, pasi ikienda na kurudi. Sikuona kasoro yoyote. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba alipoulizwa neno la maji alikuwa amechota kwa vidole kwenye bakuli ili anyunyizie suruali, na vidole vikabaki hewani vikidondosha mpaka alipokwisha kujibu.

Mwaka uliofuata mtafiti alileta kijitabu. Maneno yaliyofanana yalikuwa zaidi ya nusu kidogo tu. Kwa hesabu ile, watu wa mlimani na watu wa mjini waliagana yapata miaka elfu mbili iliyopita. Shemeji alikishika kwa ncha za vidole asikichafue kwa mkaa, akanirudishia. "Elfu mbili," alisema. "Basi mama wa bibi yangu alikuwa mtembezi." Maana hadithi ya kwao ilikuwa kwamba mama wa bibi yake ndiye aliyeteremka mlimani, akiwa na mtoto mgongoni na chungu kichwani.

Tulicheka. Hatukujua kwamba nakala nyingine ilikwisha fika juu.

Wakati huo kifua cha shemeji kilikuwa kimeanza kulia. Moshi wa mkaa haumsahau mtu. Alipoona hawezi kubeba pasi mpaka jioni, alituma ujumbe mlimani kwamba ajali haipigi hodi, wamtengee nafasi. Jibu halikuja kwa barua. Alikuja mwenyekiti wa ukoo mwenyewe, muuza dawa za mifugo mstaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye koti lililokunjamana kwa safari. Shemeji alimkaribisha kama mwanawe, akamvua koti kabla hajakaa. Kwa hiyo mwenyekiti alitoa hukumu yake akiwa na shati tu, huku koti lake likipigwa pasi.

Alisema ardhi imekuwa ndogo. Alisema kila mwezi anakuja mtu kutoka mjini akidai kwamba yeye ni wa ukoo, kwa sababu makaburi ya manispaa yamejaa na ya kanisa yana masharti. Kamati imekaa, ikaamua nafasi ni ya watu wa mlimani tu. Kisha akatoa kijitabu mfukoni mwa suruali. Hakukitoa kwa kejeli. Naweza kusema alikitoa kwa huzuni, kama daktari anayeonyesha picha ya mapafu.

"Ndugu wa miaka elfu mbili, mama, huyo si ndugu tena," alisema. "Huyo ni jirani wa jirani."

Shemeji aliiweka pasi kando. Akasema mama yake yuko pale, na mwanawe yuko pale. Mwenyekiti akauliza, tena kwa upole, ni akina nani hao, awaulize wazee. Wanaitwa nani?

Pasi ililia kidogo, mkaa ukikaa sawa ndani yake. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Mimi jina la mtoto nililijua, lakini nyumba hiyo si yangu na kinywa hicho si changu. Mwenyekiti alisubiri kwa adabu. Akatazama sakafu. Akasema mambo ya kutotaja aliyasikia utotoni, kwao siku hizi yanaishia kwa wazee tu, watoto wanapewa majina ya kwenye televisheni. Ila kamati, alisema, haiwezi kuandika kaburi la mtu asiye na jina.

Shemeji akamvalisha koti lake, limenyooka kama kisu. Akamwambia asalimie nyumbani. Mwenyekiti alipofika kona aligeuka kutazama nyuma, nadhani kwa aibu. Koti lile lilimpendeza sana.

Tangu siku hiyo shemeji alibadilika. Alianza kuweka kigoda cha pili upande wa pili wa meza, mahali ambapo hakuna mteja angekaa. Mteja akikivuta alimwambia, "Kina mwenyewe." Binamu zake waliacha kuja, mmoja alianguka akatoka, kama wasemavyo, na wa pili akafuata kabla matanga hayajapoa. Lugha ile ikabaki na mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa. Alasiri nilikuwa nikiisikia pasi ikienda na kurudi juu ya shuka tupu lisilo na nguo. Nilipouliza alisema anapasha moto meza.

Wakati huo ndipo mtafiti aliporudi. Hakujua habari ya mwenyekiti. Alirudi kwa sababu kazi yake ilikuwa inamkosesha raha. Alikuwa ameyatazama upya maneno yasiyofanana, akaona kwamba yaliyopotea si yale yanayotarajiwa. Alikaa kwenye benchi, akamwambia shemeji, "Bibi, maji, jicho, jiwe, moto, haya ndiyo ya mwisho kuondoka katika lugha yoyote. Kwenu yameondoka kwanza. Na kule juu pia mengi ya hayo hayapo. Yale manyonge, ambayo kwa kawaida hutangulia kuondoka, yote yamebaki. Nimekosea wapi?"

Shemeji akachochea mkaa wake. Mtafiti akasema atarudi kesho, akarudi kesho. Safari hii shemeji alikuwa hana mkaa kwenye pasi; alikuwa amekaa, mikono mapajani, jambo ambalo sikupata kuliona mchana wa siku ya kazi. Akatuambia sote wawili.

Kwao mtoto anapewa jina la kitu kilicho karibu. Anaitwa Jiwe, anaitwa Moshi, anaitwa Njia, kwa lugha ya kwao. Mtu wa nyumba akitoka, jina lake linalazwa. Na kwa kuwa jina lenyewe ndilo neno la kitu, neno nalo linalazwa. Nyumba ile haitasema tena jiwe; itatafuta namna nyingine, itasema kizito. Jicho litaitwa kitazamio. Moshi, mpandaji. Wajukuu wanazaliwa wanalikuta neno jipya, wanalijua hilo tu. Neno la zamani wanaambiwa mara moja, makaburini, kwa kunong'onezwa, ili wajue ni nani amelala chini yake. Basi. Halisemwi tena.

Mwaka mmoja, zamani za bibi yake, yalipita maradhi. Nyumba hazikuwa na watu wa kutosha kuchimba. Maneno yalilazwa mpaka watu wakawa wanaonyesha kwa vidole, kama mabubu.

"Ulipouliza maji," alimwambia mtafiti, "nilikupa ninalosema. Sikukudanganya."

Mtafiti alikuwa amefumba macho. Alisema taratibu, kama anayejisemea, "Kwa hiyo nimehesabu misiba nikaiita karne."

Nami ndipo nilipomweleza habari ya mwenyekiti, kijitabu na kamati. Binti wa watu alishika kichwa. Akasema ataandika upya, ataandika kwa kila aliyempelekea nakala, lakini hawezi kuandika kwamba hesabu si sahihi bila kuonyesha kilichokuwapo kabla. Anayahitaji yale maneno yaliyolala. Akisikia lile la mjini na lile la mlimani yakifanana, hapo atakuwa na la kusema.

"Unajua unaniomba nini?" shemeji aliuliza.

Mtafiti alisema anajua. Kisha akasema hapana, hajui, na asijibu leo.

Nilidhani angekataa. Mimi ningekuwa yeye ningekataa, ningeacha nizikwe na manispaa, safu hii nambari hii, kuliko kuita wote wale waje kwenye chumba chenye kigoda kimoja cha ziada. Alipiga pasi mpaka mwisho wa juma. Kisha akalishusha shati la shule kutoka juu ya kabati, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko, akaniambia nivae viatu vya maana.

"Nitayasema," alisema. "Lakini nitayasemea kwao. Wakija wasinikute kwa watu."

Gari la chuo lilitupandisha, mtafiti akiwa mbele na dereva. Shemeji alikaa wima njia nzima, mfuko mapajani. Kule juu kilichonijia kwanza ni baridi, na pili bomba la maji lililoko njia panda, ambapo watoto walikuwa wakijaza madumu. Tulipofungua milango walikuwa wakipigiana kelele, kama watoto wa bombani popote, leta, ongeza, yamejaa, yamemwagika. Lugha ni yao, mimi sikuelewa. Lakini neno moja lilijirudia, likirushwa kutoka mtoto mmoja kwenda mwingine, na hilo nililielewa, kwa sababu nilikuwa nikiliita mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, miaka ile, mvulana akichelewa kurudi kutoka mpirani.

Shemeji alinishika mkono juu ya kiwiko. Alikuwa na mkono wa dobi, ulinibana mpaka mfupani.

Sasa nikajua kwa nini hakupanda tena. Mwiko unaifunga nyumba ya marehemu tu. Siku ya mazishi, wakati udongo bado mbichi, aliwasikia watoto wa hapo wakichota maji na kulipaza jina la mwanawe kijiji kizima, kwa furaha, na hakuna aliyekuwa na kosa. Akashuka. Kwa kutopanda, akasahaulika. Waliobeba jeneza wakazeeka, wakatoka, na ukoo ukabaki na mwenyekiti asiyemjua.

Mwenyekiti alitupokea mlangoni kwake. Alikuwa amevaa lile koti. Mtafiti alimweleza mambo yalivyo, bila kujitetea, akisema kijitabu kile kina kosa na kosa ni lake. Mwenyekiti alisikiliza, akasema kosa la kitabu linaondolewa na kitabu, ila kamati ina macho, nani atathibitisha? Hapo ikasikika sauti kutoka chumba cha ndani, ikiuliza ni nani hao wanaosimamishwa mlangoni kama wadai.

Alikuwa mama yake. Kikongwe, amelala kitanda cha dirishani, miguu haimbebi tena, lakini masikio yalikuwa bado ya msichana. Akataka tuingie sote. Shemeji akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mfuko mapajani. Hawakusalimiana sana. Kikongwe alimtazama tu, akamwambia aseme alichokuja kusema.

Shemeji akasema neno la kwanza.

Siliandiki. Nitasema tu kwamba sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeita kwenye mlango wa jirani asijue kama watu wameamka. Mwenyekiti akamtazama mtafiti. Kisha kikongwe akajibu, kama anavyojibu mtu aliye nyumbani mgeni anapomuulizia asiyekuwapo.

"Ametoka."

Shemeji akasema la pili. "Ametoka," akajibu kikongwe. La tatu, akaongeza kwamba huyo alikuwa na kilema cha mguu na nyimbo nzuri. La nne alilirudia mwenyewe mara mbili, akasema hajalisikia tangu yeye ni msichana, huyo ni katika wale wa maradhi, nyumba hiyo yote ilitoka. Yakaja mengine, moja moja, na kila moja likajibiwa. Chumba kilikuwa kidogo, na nakiri nilisogea ukutani kuwapisha. Sijui niliwapisha akina nani. Mtafiti alikuwa ameshika simu yake, machozi yakimwendea kidevuni bila kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye simu. Baadaye aliniambia alichokuwa akisikia: maneno yaliyolala mjini na yaliyolala mlimani yalikuwa mamoja. Kila upande ulikuwa umewalaza watu wale wale na kuwatafutia neno jingine kivyake. Waliolala ni wale wale, alisema, mablanketi ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Shemeji alifika kwa mama yake. Alisita, akamtaja. "Ametoka," kikongwe alisema. "Nilimwosha mimi."

Mwenyekiti aliyekuwa amesimama mlangoni akavua kofia.

Likabaki moja. Shemeji alitoa shati kwenye mfuko, akalikunjua magotini, akalinyoosha kwa kiganja kama vile lina mkunjo. Nje, bombani, watoto walikuwa bado hawajamaliza. Akalisema. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko yote yaliyotangulia, sauti ya mama anayemwita mtoto aje ale.

Kikongwe hakujibu kama alivyojibu mengine. Aligeuza uso dirishani, akasikiliza. Neno lilipita pale nje, likarudi, likapita tena, na dumu likaanguka, na mtoto akacheka.

"Huyo hajatoka," alisema kikongwe. "Huyo yupo hapa kwetu. Tunamwita kila siku."

Shemeji aliinamia shati lile. Hatukumwona uso kwa muda mrefu.

Mwenyekiti ndiye aliyetusindikiza garini. Akawa anafuta kioo cha dirisha kwa mkono wa koti, na shemeji akamwambia asiharibu kazi ya watu. Akaacha. Akasema, "Mama, nafasi ipo. Kati yao wawili, kama utaridhika." Shemeji akasema ataridhika, ila asiharakishwe.

Hakuharakishwa sana. Kifua kilimpa muda wa kurudisha nguo za watu zote, zimekunjwa, kila moja na mwenyewe. Mwisho alilala hospitali mchana mmoja, nikiwa kando yake, nikimsomea maandishi ya boksi la dawa kwa kuwa sikuwa na kingine, na katikati ya masharti ya kuhifadhi nikaona hasikilizi tena. Tulimpandisha juu. Watoto walichota maji ya kaburi, wakapigiana kelele kama kawaida, na hakuna aliyewanyamazisha, maana kikongwe alikataza.

Mtafiti aliandika upya. Alinisomea. Hakuweka tarehe nyingine mahali pa ile ya kwanza. Aliandika kwamba kwa lugha hizi mbili hesabu haitoi jibu, kwamba huenda zimeachana vizazi vinne au vitano tu vilivyopita, na akaeleza kwa nini. Nasikia wenzake wengine hawakufurahi. Watu wanapenda namba. Namba haikuambii imekula nini ikashiba. Zamani mtu alitambuliwa kwa maiti aliowabeba. Leo anatambuliwa kwa karatasi, na karatasi ikikosea ni yeye anayebaki nje ya lango.

Mwenyekiti alinipigia simu baada ya arubaini. Alisema mama yake ameagiza mlima mzima ulilaze jina la shemeji, si nyumba yake tu, na watoto wamekwisha kupata neno jingine, tena wanalisema kwa mbwembwe. Atakayekuja na hesabu yake siku za usoni ataona limepungua neno moja, atatuongezea miaka sabini ya kuachana.

Meza bado iko chumba cha mbele. Vigoda viwili vimebaki kama vilivyokuwa, na sijampangisha mtu. Katika lugha ile yote niliyoisikia ikipita uani maisha yangu yote, nilikuja kujua maneno mawili. Moja wanalipaza bombani kule juu. Jingine lilikuwa la kitu kilichokuwa mezani pa shemeji kila siku, nilimwita kwalo mara elfu nikidhani ni jina tu. Sasa nikikiona kitu hicho nakizunguka. Mjini hapa hakuna tena mwingine anayelijua, na mimi silisemi.